Karoti Yenye T Mbili

Bustani ya shule yetu imo shimoni.
Usicheke. Juu huku, upande wa Oruro,
upepo hukwangua majani kama mtu akwanguaye ukoko,
na sakitu haipigi hodi.
Ndipo wazazi wakachimba, mita mbili kwenda chini,
wakajenga kuta za udongo, wakaezeka kwa nailoni ya manjano.
Ukishuka ngazi saba
unavua shali, unavua kofia,
miwani ya Mwalimu Remedios inaingia ukungu,
na pua inakutana na kotimiri iliyolowa
ilhali nje, hatua kumi tu, lama wanatafuna barafu.

Mimi ni mpishi. Eleuteria Choque.
Niliajiriwa kwa ajili ya sufuria, si vitabu.
Saa nne, uji wa kinoa,
watoto hamsini na wanne, upawa mmoja na nusu kila bakuli,
na yai siku ya Ijumaa, kuku wakipenda.

Mwalimu ndiye aliyetaka kila tuta liwe na jina.
Watoto wakaokota vijiti vya aiskrimu gulioni,
wakaandika kwa wino usiofutika,
wakavichomeka.
Nami nikawa nashuka na kisu na beseni
nikibahatisha,
maana mche ukiwa bado urefu wa kidole
yote hufanana, kama vichanga wodini.

Basi siku moja nikang'oa bitiruti changa, tuta zima,
nikazikatia kwenye supu nikidhani spinachi.
Supu ikawa nyekundu. Watoto wakaifurahia sana.
Mwalimu akanitazama, akatazama kijiti, akanyamaza,
na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kisu.

Ni Limbert aliyenifuata shimoni.
Miaka minane, pengo la mbele, kamasi.
Akachuchumaa, akaweka kidole juu ya wino:
"Hii S. Nyoka anaota jua.
Hii O. Ni wewe ukipiga miayo.
Hii T. Nguzo ya umeme."
Tukaenda hivyo, tuta kwa tuta,
mkono wangu wa vitunguu, mkono wake wa udongo,
Machi, Aprili,
mpaka nikafika kwenye kijiti alichokiandika mwenyewe.
K-A-R-O-T-T-I.
Nikamuuliza mbona nguzo ziko mbili.
Akanishangaa.
"Mama Eleuteria, nguzo moja haishiki waya."

Mzee Policarpio alikuwa akisema majani ni chakula cha simbilisi.
Sasa mjukuu wake humpelekea saladi ndani ya kofia,
naye huila amegeukia ukuta.
Tunamwacha.

Juni baba yake Limbert alipata kazi Iquique, bandarini.
Waliondoka na lori la chumvi kabla ya kengele.
Bakuli lake nililijaza siku hiyo kwa mazoea,
likakaa pale hadi uji ukashika utando.

Mwaka huu mkaguzi alitoka mjini, viatu vinang'aa,
akaonja, akaandika, akauliza bei ya mafuta.
Ubaoni nilikuwa nimepanga chakula cha wiki,
kwa mkono wangu, chaki yangu, herufi zangu za kulegea:
Jumatatu supu ya figili,
Jumanne kinoa na KAROTTI.
Akatabasamu, mtu mwema, hakutaka kunifedhehesha,
akalowesha kidole gumba kwa mate
akafuta nguzo moja.

Nilimshukuru. Nikamfungia vitunguu kwenye gazeti.
Nilingoja vumbi la gari lake lilale,
lote, hadi kule kwenye daraja,
kisha nikachukua chaki.